Usilale na jiko la mkaa: nyumba iandaliwe kabla ya Juni

Mvua zinaelekea ukingoni, ukungu wa asubuhi umeanza kukaa mabondeni, na sisi wa nyanda za juu kusini tunajua kinachofuata. Juni, Julai na Agosti ni miezi ya kipupwe. Kuanzia Mufindi, Njombe na Makete mpaka milima ya Mbeya, baridi itatushika. Kila ukipanda mita 1,000 kwenda juu, joto hupungua kwa nyuzi kama 6, kwa hiyo mwenzetu wa Kitulo, juu ya mita 2,600, atakuwa anakanyaga sakitu alfajiri wakati mtu wa Dar es Salaam amelala na feni.

Wiki hizi mbili nimepokea simu nyingi. Wengine wanauliza viazi vya bondeni vitanusurikaje na sakitu. Wengine wanauliza miche ya parachichi ifunikwe na nini. Mmoja ameniuliza habari ya ndama wake aliyezaliwa juzi. Wote nimewajibu. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza, "Bwana shamba, na nyumba yangu je, niiandaeje?"

Ndiyo maana leo mbolea tunaiweka pembeni. Maoni yangu ni haya, na nayasema waziwazi: wengi wetu tunaandaa banda la vifaranga vizuri kuliko chumba wanacholala watoto wetu. Baridi ikishaingia ndipo tunakimbilia jiko la mkaa na kulivuta mpaka chumbani. Jiko la mkaa halipaswi kuingia chumba cha kulala. Hata kwa nusu saa. Hata kama dirisha umeliacha wazi kidogo. Na nyumba ikiandaliwa mapema, hutalihitaji humo.

Kwa nini nasema kwa ukali

Miaka michache iliyopita nilifundisha kikundi cha wafugaji wa kuku namna ya kulea vifaranga wakati wa baridi. Mimi ni mtu wa mazao, lakini mnajua kijijini hakuna kutofautisha, ukiitwa mtaalamu unaulizwa yote. Nikawaeleza kwamba kifaranga wa wiki ya kwanza anahitaji nyuzi 32 hadi 35, na kwamba kila wiki unapunguza nyuzi kama 3. Nikawaonyesha kutengeneza bruda, kuweka jiko la mkaa, kuziba upepo kwa magunia. Nikawaambia waangalie vifaranga wenyewe: wakijikusanya mahali pamoja wana baridi, wakikimbilia pembeni wamezidiwa na joto. Somo lilikwenda vizuri. Walipiga makofi.

Julai ile, saa kumi na mbili asubuhi, simu ikaita. Ni bibi mmoja wa kikundi kile. "Mwanangu, vifaranga wamekufa karibu wote usiku mmoja. Na wajukuu wanatapika. Huu ugonjwa unaambukiza watu?"

Niliwasha pikipiki nikiwaza mdondo, nikiwaza hata mafua ya ndege. Nilipofika sikuona ugonjwa wowote. Niliona chumba cha hatua tatu kwa tatu, dirisha la mbao limezibwa vizuri kwa gunia, mlango umewekewa matambara chini, na katikati jiko la mkaa lililobaki majivu. Bibi aliona banda la nje lina baridi sana, akawahamishia vifaranga chumbani anakolala na wajukuu wawili. Mjukuu mdogo ndiye aliyewaokoa. Aliamka kutapika, bibi akamtoa nje kwa kuyumbayumba, na mlango ukabaki wazi.

Tuliwapeleka zahanati, na kutoka hapo kituo cha afya. Walipona wote watatu. Tulipokuwa tumekaa kwenye benchi tukisubiri, bibi aliniambia kwa upole kabisa, "Lakini mwanangu, ulisema tuzibe."

Sikuwa na jibu. Ni kweli nilisema tuzibe. Nilisema habari za vifaranga kwa saa mbili nzima, na sikutamka sentensi hata moja juu ya watu. Tangu siku hiyo somo la bruda silianzi bila kusema kwanza kwamba bruda ya mkaa haikai chumba cha watu, na hata huko bandani lazima hewa iingie na itoke. Na makala hii nayo ni sehemu ya jibu ninalomdaiwa yule bibi.

Mkaa unaua vipi

Mkaa unapoungua pasipo hewa ya kutosha hutoa hewa yenye sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Moshi wa kuni utakukohoza na kukuamsha. Hii haikuamshi. Ukiivuta inaingia kwenye damu na kuing'ang'ania zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoweza kujishika. Damu inazunguka lakini haibebi tena kile ambacho mwili unahitaji. Unaanza na kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea. Kama umelala, husikii hata hayo. Watoto wadogo, wajawazito na wazee ndio wanaozidiwa mapema.

Kuna maneno ninayosikia kila mwaka, nayajibu hapa.

"Mkaa ukishakuwa mwekundu hauna sumu." Si kweli. Moshi umeisha, sumu haijaisha.

"Ukiweka beseni la maji karibu, maji yananyonya." Hapana. Hewa hii haiyeyuki kwenye maji kiasi cha kukusaidia.

"Sumu inakaa chini, sisi tunalala kitandani." Hapana. Inachanganyika na hewa ya chumba chote, ya chini na ya juu.

"Tunalipasha chumba kwanza, kisha tunalitoa kabla ya kulala." Hili lina nafuu kidogo, lakini nimeona linavyokwisha. Mtu amechoka na shamba, amekaa kitandani akiota moto, usingizi unampitia kabla hajalitoa. Kanuni inayotegemea mtu aliyechoka asisinzie si ya kuaminika.

Tatizo la nyumba zetu ni joto kutoroka

Watu wengi wanadhani nyumba ni baridi kwa sababu haina moto. Mimi naona nyumba ni baridi kwa sababu inavuja. Mtu mzima aliyelala hutoa joto karibu sawa na ile balbu ya zamani ya wati 60 hadi 75. Watu wanne chumbani ni balbu nne zinazowaka mpaka asubuhi bila kulipia kitu. Joto hilo linakwenda wapi?

Linapanda juu, maana hewa ya moto hupanda. Huko juu linakuta uwazi kati ya ukuta na bati, linatoka. Lililobaki linagusa bati lenyewe, na bati halizuii joto. Usiku usio na mawingu bati hupoa haraka kuliko hata hewa ya nje, ndiyo maana alfajiri unaona matone yanakudondokea: ni pumzi zenu wenyewe zimegeuka maji kwenye bati. Wakati huohuo upepo unaingia chini ya mlango na kusukuma nje kile kidogo kilichobaki.

Sasa ukileta jiko la mkaa ndani ya nyumba ya namna hii, unajaza maji kwenye ndoo iliyotoboka. Na ukiziba matundu huku jiko liko ndani, umejitengenezea hatari ile iliyompata bibi. Kwa hiyo mpangilio ni huu: chumba cha kulala, ziba na usiweke moto. Chumba chenye moto, acha hewa ipite. Usichanganye hayo mawili.

Piga hesabu kidogo

Najua utasema kuandaa nyumba ni gharama. Chukua kalamu. Juni, Julai na Agosti zina siku 92. Tuseme unatumia debe moja la mkaa la ziada kila siku tatu kwa ajili ya kuota moto tu, mbali na kupikia. Hayo ni madebe 30 kwa msimu mmoja. Zidisha kwa bei ya debe hapo kijijini kwako. Kisha nenda kaulize bei ya mianzi, misumari, na mbao za kutosha dari la chumba kimoja. Linganisha. Mkaa utaununua tena mwakani na mwaka unaofuata. Dari hulinunui tena.

Na sijasema nyumba nzima. Nasema chumba kimoja. Chagua chumba kimoja, cha watoto au cha mzee, kiwe ndicho chumba cha joto mwaka huu. Mwakani utafanya kingine.

Kazi za kufanya kabla ya Juni

1. Anza na bati. Panda juu siku kavu, angalia misumari iliyolegea na matundu. Ziba kwa lami au badilisha raba za misumari. Chumba chenye unyevu hakipati joto, kwa sababu joto lote linaishia kukausha maji. Safisha na mfereji unaozunguka nyumba ili maji ya mvua za mwisho yasikae kwenye msingi.

2. Ziba uwazi kati ya ukuta na bati katika chumba ulichochagua. Tumia matofali mabovu na udongo, au mabanzi na udongo. Ukuta wenye nyufa ukandike kwa udongo wa kichuguu au mfinyanzi uliochanganywa na mchanga na nyasi zilizokatwakatwa. Fanya mara mvua zinapokatika. Udongo unahitaji wiki kadhaa kukauka, na ukikandika katikati ya baridi utalala na ukuta mbichi.

3. Weka dari. Mwenye uwezo atapiga silingibodi au mbao. Asiye na uwezo atumie mianzi iliyopasuliwa na kusukwa kama jamvi, na huku kwetu mianzi ipo. Wengine wanatandaza sandarusi. Inasaidia, lakini kumbuka sandarusi inashika moto upesi na kudondosha matone yanayounguza. Chumba chenye dari la sandarusi kisiingizwe mshumaa wala koroboi.

4. Acha tundu moja dogo la hewa, ukubwa wa kiganja, juu ukutani, upande usioelekea upepo. Usilizibe. Watu wanapumua, na pumzi ina maji. Chumba kisichopumua kabisa kitaota ukungu ukutani, na kikohozi cha watoto hakitaisha.

5. Jua pa kufungua na pa kufunga. Upepo wa kusi unatoka kusini na kusini mashariki, kwa hiyo madirisha ya upande huo ndiyo ya kuziba kwanza. Jua la Juni, kwa sisi tulio kusini ya ikweta, linapita upande wa kaskazini. Madirisha ya kaskazini yafungue kuanzia saa tano asubuhi mpaka saa tisa alasiri, jua liingie, kuta zipate moto. Funga kabla jua halijazama. Wengi wetu tunafunga saa moja usiku, wakati joto la mchana limeshaondoka zamani.

6. Mlango na dirisha. Shona mfuko mrefu mwembamba kama mkono wa shati, ujaze maranda au mchanga, uulaze chini ya mlango kila jioni. Dirisha la wavu lipigiwe nailoni nzito kwa ndani, na juu yake pazia la blanketi kuukuu.

7. Kitanda. Baridi nyingi ya usiku inatoka chini. Godoro lililolala sakafuni linakunyang'anya joto mpaka asubuhi. Linyanyue, hata kwa mabanzi uliyoyapigilia misumari mwenyewe. Chini ya godoro tandika maboksi yaliyokunjuliwa, magazeti au jamvi zito. Blanketi mbili nyepesi zinashinda moja nzito, kwa sababu hewa iliyonaswa katikati ndiyo inayotunza joto. Anika matandiko juani mchana.

8. Badala ya jiko, chupa. Jaza maji ya moto, si yanayochemka, kwenye chupa imara, ifunge sawasawa, ivike soksi, iweke kitandani robo saa kabla ya kulala. Kwa mtoto mdogo itoe kabla hajaingia kitandani asije akaungua.

9. Kuni. Zikusanye sasa na uzipange chini ya paa. Kuni mbichi za Julai ni moshi mtupu.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa makazi na afya wa mwaka 2018, linapendekeza joto la ndani lisipungue nyuzi 18 katika maeneo yenye majira ya baridi. Sitakudanganya kwamba kazi hizi tisa zitakufikisha hapo alfajiri ya Julai pale Makete. Lakini ukizifanya utaamka bila matone ya bati usoni, na watoto hawatakuwa wamejikunyata kama wale vifaranga wa bruda iliyozimika.

Chumba chenye moto kina kanuni zake

Sisemi tusiote moto. Moto wa jioni ndipo familia inapozungumza, na mimi mwenyewe naupenda. Uotwe jikoni, jiko likiwa na bomba la moshi linalotoka juu ya paa, au angalau liwe na uwazi juu kwa ajili ya moshi kutoka na uwazi chini kwa ajili ya hewa kuingia. Moshi wa ndani huongeza hatari ya nimonia kwa watoto chini ya miaka mitano, kwa hiyo mtoto mchanga asikae mgongoni karibu na moto jioni nzima. Ukimaliza kuota, mkaa ulobaki utoe nje au uuzime kwa majivu hukohuko jikoni. Mtu asilale jikoni mlango ukiwa umefungwa. Hili nawaambia hasa vijana wanaokuja kufanya vibarua vya mbao na viazi, ambao mara nyingi ndio wanaopewa jikoni kulala.

Vitu vya shambani visilale na watu

Kuna jambo jingine linalohusu kuziba, na hili liko moja kwa moja kwenye kazi yangu. Msimu wa baridi huku kwetu unakutana na msimu wa kuvuna na kuhifadhi mahindi. Wengi hatuna ghala, kwa hiyo magunia yanaingia chumbani. Wengine wanaweka ndani ya magunia vile vidonge vya kufukizia wadudu.

Vidonge hivyo vikikutana na unyevu wa hewa vinatoa hewa ya sumu, ndiyo kazi yake. Haichagui kati ya dumuzi na mtoto. Katika nyumba inayovuja, mtu anaweza kuponea chupuchupu asijue. Katika nyumba uliyoiziba vizuri kama nilivyokueleza hapo juu, hataponea. Kwa hiyo kabla hujaziba chumba, toa humo vidonge, toa viuatilifu, toa dumu la mafuta na bomba la kupulizia. Kama huna ghala, hifadhi kwa mifuko ya kinga njaa isiyohitaji dawa, ile yenye nailoni mbili kwa ndani, ifunge isivujishe hewa. Vidonge si vya kutumika kwenye nyumba wanamolala watu. Ukiwa na mashaka, njoo ofisini kabla ya kununua.

"Mbona wazee wetu walilala na moto?"

Hili ni swali la haki na linaulizwa kila mkutano. Jibu langu lina sehemu mbili.

Kwanza, nyumba zile hazikuwa hizi. Paa lilikuwa la nyasi, na nyasi zinatunza joto huku zikipitisha moshi taratibu. Walikuwa wanawasha kuni zinazotoa moshi unaomwamsha mtu. Sisi tumejenga kwa tofali la kuchoma, tukapiga lipu, tukaweka bati na vioo, kisha tukaleta mkaa usio na moshi. Tumebadilisha nyumba, tumebadilisha moto, tukabaki na desturi ileile.

Pili, wazee wetu walilipa. Ukimkumbuka bibi yako, kumbuka na macho yake mekundu na kikohozi chake cha asubuhi. Hatukukiita ugonjwa kwa sababu kila mtu alikuwa nacho.

Kwa wewe mwenye duka

Ndugu mfanyabiashara, nina maneno mawili kwako.

La kwanza ni usalama wako. Wengi mnalala dukani kulinda mali. Kibanda cha mabanzi kilichopigwa nailoni ndani ni kidogo kuliko chumba chochote cha nyumbani, na jiko la mkaa humo hujaza sumu haraka. Kama unauza pia mbolea, viuatilifu na mafuta ya taa, unalala katikati ya vitu ambavyo havitakiwi kulala na mtu. Afadhali kufuli mbili na mlinzi wa zamu kuliko hivyo.

La pili ni biashara. Mei ni mwezi wa kuleta vitu vya baridi, usingoje Julai watu wakiwa wameshamaliza hela kwenye mkaa. Leta misumari, raba za bati, lami, nailoni nzito, mabomba ya moshi, blanketi na mitumba ya baridi. Na unapouza debe la mkaa, mwambie mteja sentensi moja tu: "Usilale nalo." Haikugharimu kitu, na mteja aliye hai atarudi.

Ukimkuta mtu amezidiwa

Fungua mlango na madirisha, usikae ndani kutafuta chanzo. Mtoe mgonjwa nje kwenye hewa safi kwanza. Kama anapumua lakini hana fahamu, mlaze kwa ubavu. Usimpe maziwa. Maziwa hayaiondoi hewa hii kwenye damu, na mtu asiye na fahamu atapaliwa. Mkimbize kituo cha afya hata kama anasema amepata nafuu, kwa sababu anaweza kuhitaji kupewa oksijeni. Mwambie mganga waziwazi kwamba alilala na mkaa, usione aibu, maana dalili zake zinafanana na malaria na anaweza kutibiwa kitu kingine. Wahesabu na wengine waliolala nyumba hiyo. Kama wapo waliokwama ndani, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Na dalili moja ya kuikumbuka: kama watu wawili au watatu wa nyumba moja wanaamka na kichwa kuuma, na wakitoka nje wanapata nafuu, usitafute mchawi wala malaria. Angalia jiko lililala wapi.

Nikuache na hili

Mkulima wa kwetu akisikia sakitu inakuja anaamka usiku kwenda kufunika miche. Nimeona kwa macho yangu, na ninawaheshimu kwa hilo. Ninachoomba ni kwamba bidii hiyohiyo iingie chumbani, tena mapema, kwa mikono yenu wenyewe, kabla hamjashikwa na baridi na kuanza kufanya maamuzi kwa kutetemeka.

Jumamosi hii chagua chumba kimoja. Simama ndani mchana, funga mlango, angalia juu. Kila mahali unapoona mwanga wa jua unapita ndipo joto la watoto wako linapotokea usiku. Anzia hapo.

Yule bibi bado anafuga. Vifaranga wake sasa wana banda lao nje, lina bruda na tundu la hewa. Chumba cha wajukuu kina dari la mianzi alilosukiwa na kijana wa jirani. Nilipopita mwaka jana alinionyesha kwanza chumba, ndipo akanionyesha kuku. Nami nikaona huo ndio mpangilio sahihi.

Kazi njema, na tuonane shambani.